Shangazi, tukope gari jipya au tuchukue IST ya shemeji?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, mume wangu anafanya kazi Mji wa Serikali pale Mtumba, tunaishi Nzuguni, hapa Dodoma. Tuna akiba ya milioni 22. Mume wangu amepewa bei ya gari dogo jipya kabisa, milioni 46, na benki iko tayari kumkopesha milioni 24 kwa miaka minne, riba 16%. Anasema gari la mkononi ni kununua matatizo ya mtu. Shemeji yangu mmoja, rafiki wa siku nyingi wa mume wangu, anauza Toyota IST ya mwaka 2005, namba D, kilomita 118,000, kwa milioni 12. Mimi naona tuchukue hiyo, au tuagize Japani. Hii ni wiki ya pili tumenuniana. Tufanyeje?
Muuguzi, Nzuguni

Marahaba mwanangu.

Mumeo hana kosa kuogopa gari la mkononi. Kosa lake ni kuangalia bei ya kununua peke yake. Kaeni mezani na kalamu, kwa sababu hapa mnabishania hesabu ambayo hakuna aliyeipiga.

Milioni 24 kwa riba ya 16% inayopungua (inapigwa kwenye deni lililobaki tu), miezi 48, rejesho ni karibu 680,000 kila mwezi. Mpaka mnamaliza mtakuwa mmerudisha kama milioni 32.6. Na hiyo ni kama riba inapungua. Kama inapigwa kwenye mkopo wote toka mwanzo hadi mwisho, rejesho linapanda hadi 820,000, kwa hiyo hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza ofisa mkopo, tena akujibu kwa maandishi. Benki pia haitakubali bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu. Itataka bima kubwa, inayolipia na gari lenu, mpaka deni liishe, na kwa gari binafsi hiyo huanzia 3.5% ya thamani, ukiongeza VAT 18% mnafika kama milioni 1.9 kwa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kabla hamjatia hata lita moja ya mafuta, gari linakula zaidi ya 830,000 kwa mwezi, na ile akiba ya milioni 22 imekwisha. Mtoto akilazwa, mtakopa tena.

Gari jipya lina watu wake: anayesafiri Dodoma hadi Singida au Iringa kila wiki kwa kazi, anayepanga kulitunza miaka kumi, na mwenye hela ya kulilipia bila kubakia mtupu. Kutoka Nzuguni hadi Mtumba na kurudi si safari ya kuwaingiza kwenye deni la miaka minne. Waranti nayo ina masharti: ukiruka sevisi ya wakala, inaweza kufa. Muulizeni muuzaji karakana yake iliyoidhinishwa iko wapi. Akisema Dar es Salaam, hiyo ni barabara ya kilomita 450 kwenda tu.

Kuagiza Japani si wazo baya, ila usidanganywe na bei ya kwenye tovuti. Kwanza hakikisha ni CIF, yaani imeshaingiza meli na bima hadi bandarini, maana FOB inaishia bandari ya kule kwao. Pili, TRA hawatumii risiti yako. Wana thamani yao kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika, nacho kiko wazi kwenye tovuti yao. Ingiza modeli, mwaka na ukubwa wa injini kabla hujatuma hata senti. Ushuru wa forodha ni 25%. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni 5%. Kisha kuna uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30%. Juu ya vyote VAT 18%, na tozo nyingine ndogo ndogo.

Tuseme TRA wamelithamini gari la cc 1,500 kwa milioni 5. Likiwa limezidi miaka 10, kodi hizo zinafika karibu milioni 4.96. Gari la thamani hiyohiyo ambalo halijafika miaka 8 lingelipa kama milioni 2.74. Tatizo ni kwamba magari ya umri huo thamani yake huwa juu zaidi, basi piga hesabu ya yote mawili usikariri. Ongeza wakala wa forodha, gharama za bandari (gari likichelewa kutolewa wanakutoza kwa siku), usajili, na mafuta ya kulipandisha Dodoma. Omba pia karatasi ya mnada wa kule Japani, inayoeleza hali ya gari: alama ya R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Tazama matairi, mengi huja na ya barafu, laini, ambayo lami ya huku inayamaliza upesi sana.

Sasa IST ya shemeji. Mimi ningeanzia hapo, kwa sharti moja: lipite ukaguzi wa fundi ambaye shemeji hamjui na yeye hamjui shemeji. Mumeo amwambie mapema, kwa heshima, kwamba gari litapimwa kwa gharama yenu. Rafiki wa kweli hanuni kwa hilo. Akinuna, mmepata jibu bila kulipa fundi.

Nendeni asubuhi, na mwombeni asiliwashe kabla hamjafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, ahirisheni, kwa sababu injini iliyopata moto inaficha mengi. Geuza ufunguo hadi ON bila kupiga stata: taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake. Ya eabegi izime yenyewe baada ya sekunde chache, na ya injini izime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa imezimwa na mtu, na aliyefanya hivyo alikuwa na sababu. Washa, mmoja wenu asimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ugonjwa unaojulikana wa injini hizi za IST zikishachoka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanaingia ndani, mara nyingi gasketi ya silinda hedi. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, huo una nafuu. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, rudini nyumbani.

Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu. Hapa Dodoma nakaza neno, kwa sababu maji yetu ya bomba na visima yana chumvi, na ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika lako ndio unaojijenga ndani ya rejeta ya mtu anayejaza maji ya bomba. Mnataka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) yenye rangi safi. Mkikuta maji ya kahawia ya kutu, hesabuni rejeta mpya, na mwacheni fundi aliwashe kwa dakika 20 kiyoyozi kikiwa juu kabisa, mkiangalia geji ya joto. Ikipanda kupita katikati, msinunue.

Gia boksi: chomoa kijiti cha hydroliki (mafuta ya gia). Nyekundu ni nzuri, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni mbaya. Weka D ukiwa umekanyaga breki. Ikisubiri sekunde kadhaa kabla ya kushika, au ikipiga kishindo, gia boksi inaelekea kufa. Kisha kata usukani hadi mwisho na uende polepole kwa mduara, kushoto na kulia. Mlio wa ka-ka-ka ni joint za magurudumu ya mbele. Bushi na shokapu zitakuwa zimechoka, barabara za mitaa yetu zinajulikana, lakini hizo ni za kupunguziana bei tu, msiache gari kwa ajili yake.

Hizo kilomita 118,000 kwa gari la 2005 sizikatai wala siziamini. Linganisha na mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haijatembea 118,000. Fundi aliunganishe na mashine ya kusoma hitilafu pia, na achomoe eafilta: ikiwa imejaa vumbi jekundu, mjue ndivyo lilivyotunzwa lote. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka. 1718 ni wiki ya 17 ya mwaka 2018, na hiyo ni ya kubadilisha hata kama kashata (meno ya tairi) bado ziko juu.

Likipita, toeni kasoro kwenye bei, na tengeni milioni 2 za mwanzo: oili na filta zake (injini ya 1.5 inachukua lita 3.7), plagi 4, hydroliki ya gia aina ya T-IV, kulanti, mafuta ya breki, betri, na tairi. Zinazobaki ziwe za dharura. Mwonyeshe mumeo kiasi hicho kikiwa kimeandikwa kando ya lile rejesho la 680,000. Nadhani hapo ndipo mtaacha kununiana, maana anachotaka yeye ni gari lisilomwaibisha njiani, na hilo linapatikana kwa milioni 2 za sevisi.

Upande wa karatasi msione haya. Namba ya chesisi kwenye gari ilingane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi liwe la shemeji mwenyewe. Kama bado ni la mtu aliyemuuzia, shemeji kwanza ahamishe umiliki uje kwake, au huyo mtu aje asaini. Angalieni deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi (moja ni 30,000, zikirundikana ni laki), na deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), kwa sababu yote yanafuata namba ya gari, hayamfuati dereva. Mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, kila mmoja na nakala ya NIDA, na hela ipite benki kwenye akaunti ya mwenye kadi. Siku hiyohiyo anzeni kuhamisha umiliki TRA. Bima ndogo ni 118,000, lakini kwa mwaka wa kwanza ningekata kubwa: 3.5% ya milioni 12 ni 420,000, na VAT inaifikisha 495,600. Mkishapewa stika, ihakikini kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) palepale, kabla hamjatoka kwa wakala.