Maswali ya Wasomaji: Shamba, Mipaka na Mirathi

SWALI: Shamba letu la Murang'a ni jembamba kama utepe, linaanzia barabarani juu mgongoni hadi mtoni. Kwa wakwe zangu Nakuru mashamba yana pembe nne zilizonyooka. Nani aliamua hivyo? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Kwenu ziliamua kamati za miaka ya 1950. Kabla ya hapo familia moja ilikuwa na vipande vilivyotawanyika: cha nduma bondeni, cha mahindi mteremkoni, cha malisho mgongo mwingine. Mpango wa Swynnerton, uliotolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1954, ulitaka kila mwenye ardhi awe na shamba moja lenye hati. Vipande vikapimwa, ekari zikajumlishwa, mtu akapewa jumla yake mahali pamoja. Ili kila shamba liguse barabara na maji, mistari ikateremshwa kutoka mgongoni hadi mtoni. Ndiyo maana nyumba ziko juu, kahawa katikati, majani ya nepia ya ng'ombe na nduma chini.

Kazi hiyo ilifanyika wakati wa vita vya Mau Mau. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji vya kulazimishwa, na maelfu wako kizuizini. Aliyefungwa hakuwepo kuonyesha mipaka yake, na waliokuwa upande wa serikali ndio walioketi kwenye kamati. Baadhi ya vijiji hivyo havikuvunjwa. Ndani yake walibaki watu wasio na shamba. Ukiona nyumba zimesongamana kwenye viploti katikati ya mashamba ya kahawa, waulize wazee wa hapo kijiji hicho kilianza lini.

Nakuru ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Kuanzia 1962 mpango wa ekari milioni moja, na baadaye kampuni za kununua ardhi, ziligawa mashamba makubwa, mara nyingi kwa rula juu ya ramani. Rula haijali mlima, kwa hiyo wapo waliopewa korongo tupu.

SWALI: Wazazi wetu wamefariki. Wameacha ekari mbili zenye kahawa, mita 30 kwa 270 kutoka barabarani hadi mtoni, kwa jina la baba. Tuko watatu, kaka zangu wawili na mimi niliyeolewa. Wao wanataka tukate kwa urefu. – Msomaji, Githurai

JIBU: Haki unayo, dada. Sheria ya Mirathi, inayotumika tangu 1981, haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike, na kuolewa hakukuondoi.

Sasa vipimo. Mkikata kwa urefu, kila mmoja anapata mita 10 kwa 270. Kahawa iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.74 itakaa mistari mitatu tu, na nyumba itajaza upana wote. Mkikata kwa upana, wa chini hana barabara. Itabidi muache njia ya mita 6 kupita ploti mbili za juu. Ili mafungu yalingane, hao wawili watapata mita 24 kwa takriban 96, na wa chini mita 30 kwa 77, yaani kama mita mraba 2,310 kila mmoja. Njia peke yake inakula zaidi ya robo ekari! Tena wa chini anapoteza ukanda wa mtoni, angalau mita 6, asioruhusiwa kulima.

Sisi tungeshauri mkate ploti za nyumba tu upande wa barabarani, kahawa na bonde vibaki hati moja yenye majina matatu na hisa ya kila mmoja. Njia inakuwa fupi, na kahawa haing'olewi.

Msimlete sovea (mpima ardhi) kwanza. Anzeni na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha mahakamani kuomba idhini ya mirathi. Tangazo hutoka kwenye gazeti rasmi la serikali, na kwa kawaida mnasubiri miezi sita kabla idhini ya mirathi kuthibitishwa. Mrithi akifichwa, mahakama inaweza kuifuta hata miaka mingi baadaye. Kwa kuwa mnagawanya, ruhusa ya bodi ya ardhi inahitajika pia; ndipo ramani ya mgawanyo isajiliwe na hati mpya zitoke.

SWALI: Mbona nyumbu wamepungua Kitengela? – Msomaji, Rongai

JIBU: Nyua. Mbuga ya Nairobi imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, unaoelekea Kitengela, uko wazi ili wanyama watoke mvua inaponyesha na kurudi kiangazi. Nyanda hizo zilikuwa ranchi za pamoja za Wamaasai, chini ya sheria ya 1968. Zilipogawanywa kila mtu na hati yake, ploti zikauzwa, na kila mnunuzi akaja na nguzo na waya wake. Kama una ekari tano kule, zungushia ua nyumba na zizi, si ploti nzima.