Barua kwa mwanangu: vidole vinapotangulia sikio

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na zile rekodi tatu za gitaa lako na bendi yenu nimezisikiliza. Unasema mpiga dramu wenu kakwambia nyimbo zako mpya ni mazoezi ya vidole yaliyopewa majina. Sasa unaniuliza kama uweke metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, kabatini kwa muda, upige kwa hisia tu, kwa kuwa ufundi mwingi unaua ukweli wa muziki.

Metronomu ibaki mezani, baba. Lakini mpiga dramu wenu hajakosea. Ufundi ulio nao wala si mwingi, tatizo ni kwamba vidole vyako ndivyo vinavyotunga, sikio linakuja baadaye kupiga muhuri.

Chukua solo ya wimbo wa pili. Unaanzia uzi wa sita, ule mnene, unapiga nota tatu kwa kila uzi mpaka uzi wa kwanza. Mpangilio huo unakaa vizuri mkononi, ndiyo maana wapiga metali ya progresivu, roki nzito yenye hesabu ngumu, wengi huishia hapo. Sasa hesabu: nyuzi sita mara tatu ni nota 18. Ukipiga nota nne kwa kila pigo, 18 zinachukua mapigo manne na nusu. Nota yako ya juu kabisa, ambayo ndiyo ungetaka isikike, inaangukia pasipo na kitu chini yake, nawe ukaongeza nota mbili za kujazia ili ufike pigo linalofuata. Zile mbili nimezisikia. Msikilizaji asiyejua gitaa hawezi kukwambia kosa liko wapi, ila anajua hapo hakuna aliyekuwa anasema kitu.

Dawa yake: weka gitaa chini. Acha dramu na besi za sehemu hiyo zipige, uimbe kwa mdomo, hata kwa kunguruma, urekodi kwa simu. Rudia mara kumi. Utaona mambo mawili. Kwanza, utavuta pumzi, na solo itapata vituo ambavyo sasa haina. Pili, utaruka kutoka nota ya chini kwenda ya juu mahali ambapo mkono usingeruka. Chagua rekodi moja, kisha utafute nota zake kwenye shingo ya gitaa. Sehemu za mbio huwezi kuziimba nota kwa nota, wala hazihitaji. Imba umbo lake tu, inaanza wapi, inapanda au inashuka, inatua juu ya pigo gani. Hapo ndipo ufundi unapoingia kazini: kama kutoka nota ya kutua kwenda nyingine kuna mapigo mawili, una nafasi ya nota nane, na sasa unazipanga ukijua zinaelekea wapi.

Rifu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia, ni jambo jingine, kwa sababu nyingi ni mdundo kuliko melodi. Hizo zitamke kama anavyotamka mpiga ngoma. Ile ya wimbo wa kwanza, yenye nusu pigo saba, ni nzuri, lakini mmeiua wote kwa pamoja: gitaa, besi na dramu zote zinahesabu saba. Wasikilize tena Meshuggah, ile bendi ya metali ya Umeå, Uswidi. Katika wimbo wao «Bleed» wa mwaka 2008, gitaa na dramu kubwa ya mguu vimeshikana kama pingu, ila mikono ya mpiga dramu wao, Tomas Haake, inaendelea kuhesabu nne kama kawaida. Mwili wa msikilizaji unafuata mikono hiyo, na rifu inamzunguka. Ukiondoa nne hiyo hakuna cha kupingana nacho, inabaki hesabu tupu. Mpenzi wa benga analijua hilo bila kufundishwa: gitaa la solo likikimbia, kuna kitu lazima kimshikie mguu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tasa, ile sahani ya shaba, lipige kila pigo, snea, ile dramu ndogo kali, ikae kwenye pigo la tatu, mguu wa dramu ufuate gitaa. Vipimo vinane vya mapigo manne vina nusu pigo 64. Rifu yako ya saba ikizunguka mara tisa inafika 63, inabaki moja. Hiyo moja iwe kimya, au refusha nota ya mwisho, kisha wote mwanze upya pamoja. Msipoirudisha hivyo, itaendelea kuteleza na hamtajua mbadilishe wapi kwenda kiitikio. Mnaweza kuiacha iteleze makusudi, mradi iwe makusudi.

Kuhusu gitaa la nyuzi nane unalotaka kununua, nakushauri usubiri. Meshuggah hao hao walipotengeneza albamu ya «Nothing» mwaka 2002, magitaa yao ya nyuzi nane hayakuwa yanashika tyuni, wakatumia ya nyuzi saba yaliyoshushwa. Mwaka 2006 wakayarekodi upya magitaa kwa nyuzi nane. Walikuwa na sauti kichwani, wakawa wanatafuta chombo cha kuitoa. Wewe una chombo dukani, unatafuta sauti ya kukipa. Uzi wa nane ukitiwa F kali unatoa karibu hezi 46 (mitetemo 46 kwa sekunde), wakati uzi wa sita wa kawaida ni hezi 82. Huko chini gitaa linaingia chumba cha besi, na kama hamjagawana nafasi mtasikia tope tu.

Sasa mazoezi yenyewe. Ile njia ya kupandisha metronomu tano tano mpaka mkono ukakamae, achana nayo. Nota nne kwa pigo kwenye mapigo 120 kwa dakika ni nota nane kwa sekunde. Kwenye 180 ni kumi na mbili, na mwendo wa mkono hapo si ule ule wa polepole uliokazwa. Piga nota za pigo moja tu kwa kasi kamili, utue kwenye nota ya pigo linalofuata, unyamaze mapigo mawili, ulegeze bega, urudie. Ikitoka safi, unganisha mapigo mawili, kisha manne. Piki izame kidogo tu chini ya uzi. Ukisikia maumivu kwenye kifundo, siku hiyo mazoezi yameisha.

Na usidhani polepole ndiko kwenye ukweli. Mikael Åkerfeldt, kiongozi wa bendi ya Opeth, alitoa albamu ya «Blackwater Park» mwaka 2001, nzito na yenye kunguruma, kisha «Damnation» mwaka 2003, laini mwanzo hadi mwisho, na zote mbili ni yeye. Kupiga polepole kunadai ufundi mwingine, ambao wewe bado unakuangusha. Kuvuta kwako uzi kunafika pungufu. Jipime: piga freti ya 9, sikiliza, rudi freti ya 7 kwenye uzi huo huo, uvute mpaka sauti zilingane. Fanya hivyo ukiwa na tyuna mbele yako, kisha bila tyuna. Kwenye solo ya mbio kosa hilo linajificha. Kwenye nota inayodumu mapigo manne kila mtu analisikia.

Mwisho, rekodi. Kurekebisha nota moja iliyopotea si dhambi. Ila mmesukuma kila nota mpaka ikakaa mstarini kwa kompyuta, na rifu imepoteza ule mvutano wa mkono unaochelewa kidogo kabla ya pigo zito. Kama sehemu huwezi kuipiga nzima bila kukatiza, punguza wimbo mapigo nane au kumi kwa dakika. Magitaa ya kushoto na kulia yapigwe mara mbili kweli; ukinakili moja na kuisogeza, sauti inakuwa nyembamba. Geini, yaani ukali wa mkwaruzo wa gitaa, ipunguzwe, maana ukijumlisha magitaa mawili inaonekana imeongezeka. Kwenye ovadraivu, ile pedali ya mkwaruzo, kitufe cha draivu kiwe sifuri na cha leveli juu. Geti ya kukata kelele nayo uilegeze, sasa hivi inakata mikia ya nota kwenye utangulizi wa wimbo wa tatu.

Anza na ile solo. Nitumie kwanza ulichoimba kwenye simu, kabla hujakitafuta kwenye gitaa. Msalimie mpiga dramu wenu.

Mama yako