Maswali na Majibu: Ngozi inayowasha bila upele, mguu uliovimba peke yake

Daktari, miezi mitatu sasa nawashwa mwili mzima, upele hakuna. Dawa za aleji na za minyoo zimegonga mwamba.

Mara nyingi chanzo ni ngozi kavu, ini, figo au dawa unazotumia. Lakini muwasho wa hivi unaweza pia kutangulia limfoma, yaani saratani ya mitoki. Jipapase shingoni, makwapani na kwenye kinena. Ukikuta uvimbe, au usiku unatoka jasho hadi shuka linalowa, au nguo zimeanza kukupwaya, nenda ukapimwe damu na kupigwa eksirei ya kifua.

Mume wangu ana mabaka meupe makalioni na mapajani, mwaka wa tatu huu. Akipaka dawa yanafifia, akiacha yanarudi.

Pole, mama. Ipo limfoma inayoanzia kwenye ngozi yenyewe, nayo hupenda sehemu zisizopigwa na jua. Picha nyingi vitabuni ni za mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu weusi huweza kuwa meupe, ndiyo maana watu hutibiwa fangasi kwa miaka. Ukoma nao huleta mabaka meupe, ila hayo kwa kawaida hupoteza hisia.

Aende kwa daktari wa ngozi, achukuliwe kinyama cha kupima. Hupigwa ganzi, kikakatwa kipande cha milimita chache. Amweleze daktari krimu zote alizopaka, kwani zenye steroidi huweza kuficha ugonjwa. Jibu likija halieleweki, kipimo kirudiwe, msikate tamaa. Ugonjwa huu hauambukizi, na ukigunduliwa mapema wengi huishi nao miaka mingi.

Mguu wangu wa kushoto umevimba hadi pajani ndani ya wiki mbili. Majirani wanasema ni matende.

Ndugu yangu, nenda hospitali leo! Matende hayaendi mbio hivyo. Hofu yangu ya kwanza ni damu kuganda kwenye mshipa, kwa hiyo usikubali kukandwa wala kuchuliwa. Ukipata shida ya kupumua, ni dharura. Omba ultrasaundi ifike na kwenye nyonga, maana mitoki iliyokua huko ndani hubana mishipa, mguu ukajaa.

Natumia dawa za TB ya mitoki, mwezi wa tatu, na uvimbe wa shingo unazidi.

Usiache dawa, mitoki ya TB yenyewe huweza kuvimba zaidi katikati ya matibabu. Ila uliza kama TB ilithibitishwa kwa kipimo. Kama ni sindano tu iliyochomwa, omba mtoki mzima utolewe ukapimwe, kwa sababu sindano hunyonya seli chache na limfoma huweza kupita bila kuonekana.