Maswali ya Bustani: Strongilodoni yenye majani tele, maua hakuna

SWALI: Huu ni mwaka wa nne nina strongilodoni, ule mmea mtambazi wa maua ya rangi ya feruzi. Umejaza chanja lote. Kila vuli ikiisha naupunguza, kisha nauwekea urea na majivu ya jikoni. Sijaona hata ua moja, na majani machanga yana manjano, mishipa tu ndiyo kijani. — Msomaji, Tanga

JIBU: Kosa kubwa ni panga. Mmea huu wa misitu ya Ufilipino, wa jamii ya kunde, huning'iniza vishada kwenye mashina yaliyokomaa. Ukiyafyeka hayo, umefyeka maua ya msimu ujao. Ondoa yaliyokauka na yanayosongana tu, tena baada ya kuchanua. Kishada kinaweza kupita sentimeta 90, kwa hiyo chanja liwe juu ya mita 2.5, na nguzo ziwe nene. Mmea wenyewe hufika mita 18. Chanja la mapasheni litalala chini.

Urea iache, inalisha majani.

Manjano hayo ni njaa ya chuma. Udongo wa matumbawe wa pwani kama huko kwako una chokaa nyingi, na majivu yanazidisha. Chuma kimo, ila mizizi haiwezi kukinyonya. Tandaza mboji ya majani unene wa sentimeta 5 hadi 8, isiguse shina. Dukani uliza mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA, ambayo chokaa haiikamati kirahisi. Salfeti ya chuma ni ya bei nafuu, lakini chokaa huikamata kabla mmea haujafaidi. Tazama majani mapya, ya zamani huenda yasirudi kijani. (Ajabu ni kwamba rangi ya feruzi yenyewe hutokana na utomvu wa petali wenye alkali, yaani kinyume cha asidi, pH karibu 7.9, ilhali mizizi haitaki alkali ya chokaa.)

SWALI: Mbegu zake nitazipata wapi? — Msomaji huyohuyo

JIBU: Usihangaike nazo. Kwao maua huchavushwa na popo. Kwako utalazimika kuchavusha kwa mkono, na mbegu ikikauka hufa upesi. Badala yake, laza tawi udongoni liote mizizi likiwa bado kwenye mmea. Chagua lililoanza kukomaa lakini bado linapinda, kwangua gamba upande wa chini wa kifundo, pale jani linapochipukia, lifukie katika chungu cha mchanga na mboji nusu kwa nusu, ulibane kwa waya. Chungu kikikauka hata siku chache, vimizizi hufa. Kikituama maji, kidonda huoza. Usilikate tawi kutoka kwa mmea mama mpaka ulivute kidogo na likatae kung'oka.