Dada wa Newala, Usingizi Unarudi

Wiki iliyopita msomaji wa Newala aliniandikia: "Kaka, nalala macho mpaka adhana ya alfajiri. Wewe ulifanyaje?" Dada yangu, nakujibu hapa ili na wengine wafaidike.

Mimi naishi Mtwara mjini, jirani na baa ambayo spika zake hazijui Jumatatu wala Ijumaa. Presha ilipanda, nikawa mkali mpaka watoto wananikwepa. Daktari alinipa dawa, nikameza (na wewe usiache zako), ila usingizi haukuja. Ndipo nikaenda Msimbati, nikakaa chini ya mivinje, simu nimeizungushia kipande cha kanga kwenye maiki, maana upepo wa kusi ukiingia moja kwa moja unasikika kama bati linaloburutwa. Nikarekodi wimbi linavyokuja, linavyovunjika, halafu ule mchirizi wa maji yakirudi mchangani. Huo mchirizi ndio ninaoutafuta kila usiku. Pumzi inaufuata yenyewe, inakuwa ndefu, mapigo ya moyo yanashuka, mabega yanalegea.

Shemeji yangu alinicheka mbele ya wageni, eti mtu mzima analazwa na mawimbi ya kwenye simu. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Lakini mwaka 2021 mtafiti Rachel Buxton na wenzake walikusanya tafiti za sauti za asili, wakakuta sauti za maji zinaongoza kwa kumpa mtu furaha na afya, na za ndege zinaongoza kwa kupunguza msongo. Kwa hiyo mimi si mshamba, na sasa nalala.

Newala hakuna bahari, dada, wala huihitaji. Una upepo kwenye mikorosho, una ndege wa alfajiri, una mvua juu ya bati. Rekodi vya kwako, maana sauti uliyokulia nayo haikushtui. Sauti yake iwe ndogo, ndogo kabisa, simu ikae mbali na mto, na usilale na spika za masikioni. Ukitaka muziki, chagua usio na maneno, maana maneno yanakurudisha kwenye mawazo.

Na ninyi wenye baa, mcheni Mungu. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri mwaka 2009 kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, na mazungumzo ya kawaida tu yanapita hapo. Kuna wagonjwa nyuma ya ukuta wenu, kuna wazazi wenye vichanga. Nanyi ndugu zangu mnaokeshwa na kelele, mwenyekiti wa mtaa yupo. Nendeni mkaseme, tena nendeni wengi.