Mtoto Mwenye Papara: Je, Dodoso la Tabia ni Ramli?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina watoto wawili wa kiume. Mkubwa aliingia kwenye unga (heroini), sasa anakunywa methadone, dawa ya kuacha unga, kila siku. Mdogo ana miaka 14, hatulii, hutenda kwanza akafikiri baadaye. Shuleni walijazishwa dodoso la maswali 23 kuhusu tabia zao, na mshauri akaniambia wangu yuko kwenye hatari ya kuingia kwenye vileo, hivyo ahudhurie mafunzo. Ustadhi wa mtaani kasema hiyo ni ramli ya Kizungu, na kama mtoto kaandikiwa, kaandikiwa. Mjomba wake anataka apelekwe chuo cha mbali afungwe mnyororo mpaka atulie. Nifanye nini? (Mama, Tanga)

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, mama yetu. Uharamu wa unga na bangi hauhitaji kurudiwa kati yetu. Lililonishughulisha ni hilo neno "ramli".

Ramli ni kudai kuyajua yaliyofichwa kwa njia isiyo sababu: mistari mchangani, nyota, hesabu za majina. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye onyo la Mtume ﷺ kwamba anayemwendea mpiga bao akamuuliza, sala yake haikubaliwi siku arobaini (Muslim). Dodoso limemuuliza mwanao habari zake mwenyewe, naye akajibu kwa daraja nne, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Kinachopatikana ni dhana yenye dalili, kama nahodha aonavyo wingu limejikunja akapunguza tanga. Nabii Yaqub alimwambia Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake, wasije wakamfanyia vitimbi (12:5). Aliwajua wanawe kwa tabia zao, akachukua hadhari. Nani atathubutu kusema alipiga ramli?

Hoja ya pili ya ustadhi inaivunja ya kwanza. Ikiwa ya kesho hayajulikani, yeye kajuaje kwamba mtoto kaandikiwa uteja? Khalifa Umar alipoambiwa anaikimbia qadari ya Allah kwa kutoingia Sham (Syria na jirani zake) wakati wa tauni, alijibu: naam, tunaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah (Bukhari). Na wanaosema "kaandikiwa" kwa mtoto wa jirani, wakishikwa na malaria hunywa dawa mseto hadi kidonge cha mwisho.

Kwamba watu huzaliwa na maumbile tofauti, hilo limo kwenye Sunna. Ashajj wa kabila la Abdul-Qays aliambiwa na Mtume ﷺ kuwa ana sifa mbili Allah anazipenda, upole na kutokuwa na haraka. Akauliza: nimezichuma mwenyewe au nimeumbwa nazo? Akajibiwa: Allah amekuumba nazo (Abu Dawud). Lakini imepokewa pia kwamba elimu hupatikana kwa kujifunza na upole kwa kujizoeza. Asiyeumbwa nao ana kazi kubwa zaidi, wala hakufungiwa mlango.

Dodoso la namna hii limetokana na kazi ya mwanasaikolojia Patricia Conrod na wenzake, iliyojaribiwa katika shule za Uingereza, Kanada na Australia. Wanatazama tabia nne. Wapo wasaka msisimko, ambao huanza na pombe na bangi kwenye starehe. Wapo waliokata tamaa, wanaotafuta ganzi. Huzuni yao mara nyingi imetangulia kileo. Wapo wanaoogopa miili yao wenyewe: akiitwa kusoma mbele ya darasa moyo ukadunda, hudhani anakufa. Huyu akipewa kidonge cha usingizi hutulia, na hapo ndipo ulipo mtego. Akipewa bangi moyo huenda mbio zaidi. Dawa yake ni kukimbia papo kwa papo dakika moja, asikilize moyo ukipanda kisha ukishuka wenyewe, arudie mpaka azoee.

Wako ni wa nne, mwenye papara. Tatizo lake si kutojua haramu. Mkono umeshafika kabla ujuzi haujaamka. Ndiyo maana mawaidha ya jumla kwa shule nzima humpita. Mafunzo hayo, yanayoitwa Preventure, ni vikao viwili tu vya dakika 90 kwa kundi dogo la wenye tabia moja, wakijifunza kulikamata wazo linalopita kati ya hamu na tendo. Mtume ﷺ alifundisha mlango huohuo kwa mwenye hasira: akiwa amesimama akae, isipomtoka alale (Abu Dawud). Kila hatua inaununua muda.

Basi mruhusu, kwa masharti matatu: majibu yake yawe siri, asitangazwe darasani kuwa "wa hatari", na mafunzo yasiwe na jambo la kuvunja dini. Nyumbani, adhabu iwe fupi na ya papo hapo: nusu saa bila simu leo humfaa kuliko mwezi mzima wa kununiwa. Sifa nayo siku hiyohiyo. Nauli mpe ya siku, si ya wiki. Baada ya Alasiri awe na kazi ya mwili inayojulikana, mpira au kuogelea, na mtu mzima anayejua alipo. Sentensi ya kukataa, "Sivuti, niache", aitamke kwa sauti mara kumi akiwa ametulia, kwa maana siku ya kuihitaji hatapata nafasi ya kuitunga. Ukiona hasinzii, au anazungumzia kufa, usisubiri kikao; mpeleke hospitali. Kwa ushauri kuhusu dawa za kulevya piga 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Mnyororo ni haramu. Hakuna madhara wala kudhuriana. Na mwambie mjomba kwa lugha yake: mnyororo unamzuia mtoto badala ya yeye kujizuia, hivyo siku ukifunguliwa anarudi na papara ileile, akiwa na kinyongo juu.

Limebaki ambalo hukuliuliza. Usimwambie mdogo "utakuwa kama kaka yako". Papara ni dalili ya uwezekano tu, na wengi wenye nayo hawajagusa kitu. Sentensi hiyo inamfanyia hukumu. Wala usimwaibishe mkubwa mbele yake. Zama za Mtume ﷺ, kuna mtu aliyekuwa akiletwa kwake mara kwa mara kwa ulevi; mwingine alipomlaani, Mtume ﷺ alikataza akashuhudia kuwa mlevi huyo anampenda Allah na Mtume Wake (Bukhari). Methadone anayokunywa ni tiba. Asiikatize ghafla kwa maneno ya barazani. Siku akiwa tayari, akitaka mwenyewe, mwache akae na mdogo wake amsimulie ilivyoanza.

Wallahu a'lam.