Kabla hujanunua mota ya ISC, pima hiyo uliyo nayo

Gari likizima kila ukifika kwenye tuta, au mzunguko wa injini ukaporomoka AC inapowashwa, mafundi wengi hapa Malindi hufungua mota ya ISC (kijimota kinachopima hewa ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta), wakaimwagia petroli na kuipiga brashi, basi. Masizi huziba njia ya hewa, ni kweli. Ila kwa magari ya pwani, hasa yale yanayoshinda njia ya Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, mimi ningeanza na umeme.

Tazama kwanza kama mota yenyewe ipo. Throto (mlango wa hewa wa injini) isiyo na kebo, inayoendeshwa kwa umeme mtupu, haina ISC.

Zima gari, chomoa plagi, ielekeze juani. Mpira wake ukishapasuka, hewa ya chumvi huingia na pini huota ukungu wa kijani. Sugua kwa brashi ya meno na dawa ya kusafishia kontakti, kisha uangalie kama kila pini inabana. Iliyolegea haisaidiwi na usafi.

Sasa weka switchi ON bila kuwasha injini, upime pini ya umeme kwenye plagi ya waya. Kwenye Toyota nyingi za pini 3 ni ile ya kati. Volti zisipungue za betri kwa zaidi ya nusu volti hivi. Hapa mita hudanganya: haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja ndani ya ganda utasoma volti 12. Unganisha balbu ya wati 5 kati ya pini hiyo na arthi. Ikiwaka hafifu, waya umeoza au fyuzi na rilei hazikai vizuri. Balbu hiyo isiguse pini nyingine, hizo ni za kompyuta ya injini.

Koili sasa, kwenye pini za mota yenyewe, mita ikiwa kwenye omu (ukinzani). Gusanisha ncha za mita kwanza. Ikisoma omu 0.4, utaitoa kwenye kila kipimo. Kwenye pini 3 za Toyota, kutoka kati hadi kila upande, nyingi husoma omu 17 hadi 24.5 zikiwa baridi, na pande mbili zifanane. Mitsubishi za pini 6: pini ya 2 hadi ya 1 na ya 3, kisha ya 5 hadi ya 4 na ya 6, omu 28 hadi 33 kwenye joto la nyuzi 20. Ngoja injini ipoe, maana shaba ikipata moto omu hupanda: koili ya omu 20 husoma karibu 25 ikifika nyuzi 80, nawe ukadhani imeharibika. Mwisho pima kila pini na mwili wa mota. Mita isisome kitu kabisa.

Omu chache mno ndizo za kuogopa kuliko koili iliyokatika. Iliyokatika haifanyi kazi tu. Iliyoshoti huvuta umeme mwingi na kuunguza kompyuta. Mitsubishi zinajulikana kwa hili, maji ya rejeta yakivuja kwenye throto hadi ndani ya mota. Mtu hununua kompyuta nyingine, anaifunga na mota ile ile, na inaungua tena.

Omu zikiwa sawa na bado una shaka, mota ya pini 6 usiiunganishe na betri ya gari. Funga betri 4 za tochi kwa mfululizo, zipate volti 6. Chanya iende pini ya 2 na ya 5. Hasi iguse 3 na 6, halafu 1 na 6, 1 na 4, 3 na 4, kisha urudi 3 na 6. Shika mota mkononi: kila hatua itatetema kidogo. Isipotetema, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Ikitetema, chomoa plagi ya kompyuta na upime kila waya mwisho hadi mwisho, chini ya omu 1, huku ukiutikisa. Ukirudisha plagi, paka grisi ya silikoni kwenye mpira wake.